Haki za waliokamatwa zibandikwe vituoni kwa Kiswahili

Mhariri,

Mtu akikamatwa Nairobi, jamaa zake huhangaika kutafuta habari kabla hata ya kutafuta wakili. Yuko kituo gani? Ameshtakiwa kwa kosa gani? Atafikishwa kortini lini?

Hivi majuzi nilimsindikiza jirani yangu katika mahakama moja hapa jijini. Orodha ya kesi ilikuwa imebandikwa ukutani, yote kwa Kiingereza, herufi ndogo, kurasa nyingine zimefunikwa na za jana yake. Mama wa watu akapitisha kidole mstari kwa mstari akitafuta jina la mwanawe. Broka mmoja alishamsogelea, akitaka mia tano "amsaidie". Mabroka wanashiba kwa sababu habari ambayo ni haki yetu haionekani.

Na ni haki kweli. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, ofisa amwandikie. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Jirani yangu hakuwa amesikia lolote kati ya hayo, wala simlaumu.

Najua hukumu nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na KNBS, shirika la takwimu la taifa, huchapisha takwimu za uhalifu kila mwaka. Ni kazi nzuri, ila inamfaa mwenye bando na Kiingereza cha kutosha.

Ninachoomba ni bango kwenye meza ya ripoti ya kila kituo, kwa Kiswahili, liseme kwamba bondi ya polisi, yaani ahadi ya kufika kortini ili uachiliwe kituoni, hailipiwi, kwamba unapopiga ripoti una haki ya kupewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na kwamba mshukiwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo umeishia wikendi. Mahakama nazo zieleze tofauti ya kesi kutajwa na kesi kusikilizwa. Nimeona familia zikiacha vibarua na kuleta mashahidi siku ya kutajwa, kumbe hakuna ushahidi utakaotolewa siku hiyo. Wanarudi Kayole au Mathare bila mshahara wa siku na bila kuelewa kilichotokea.

Inspekta Jenerali na Msajili Mkuu wa Mahakama wanaweza kutoa agizo hilo bila kusubiri sheria mpya. Waanze na vituo na mahakama za Nairobi.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi