Wapo wanaopona

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza nimedumu vipi na wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wasiopona, na kama nakushauri nawe uache upasuaji uje huku kwenye neva, kwa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Kwanza, wapo wanaopona. Si wengi, lakini wapo. Mtu analetwa hajui ni mwezi gani, kumbe vitamini B12 imepungua, au alianguka na damu ikavilia kati ya fuvu na ubongo. Ndiyo maana kabla ya picha ya ubongo huwa naomba mfuko wa dawa, naumwaga mezani. Dawa ya usingizi, ya mzio, ya kuzuia mkojo: ukizimeza zote kwa pamoja, hata wewe utasahau.

Wengine hawaponi, ni kweli, ila kujua ni dimensia ipi, yaani ni aina gani ya ugonjwa unaomomonyoa kumbukumbu na akili, kunaokoa mtu. Mwenye aina iitwayo ya Lewy huona watoto au wanyama chumbani ambao hawapo. Akipewa haloperidoli ili atulie, anaweza kukakamaa mwili mzima, hata kufa.

Na vifaa vyangu ni karatasi na kalamu. Namwambia mgonjwa achore saa inayoonesha saa tano na dakika kumi. Duara safi, namba zimejipanga, halafu mshale mrefu anaupeleka kwenye 10 badala ya 2, kwa kuwa amesikia "kumi". Alois Alzheimer mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa wa Alzheimer umepewa jina lake, alianza hivyo hivyo, kwa maswali mepesi, na mgonjwa wake Auguste Deter, Frankfurt, 1901. Alimuuliza jina lake, akajibu Auguste. Alipoulizwa la mumewe, akajibu tena Auguste. Hadubini ya kuchunguza ubongo wake ilifuata 1906, mama wa watu ameshafariki.

Utaniuliza dawa mpya. Lecanemab, ya ugonjwa wa Alzheimer, iliidhinishwa Marekani 2023. Hupunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa, na lazima wapigwe picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu unaweza kuvimba au kuvuja damu. Siipuuzi, ila siipigii debe.

Muda wangu mwingi huenda kwa aliyekaa kiti cha pili, yule ndugu anayemtunza mgonjwa. Muuguzi akishamtoa mgonjwa nje, namuuliza: "Lini umelala usiku kucha?" Wengi hulia hapo hapo. Kisha tunaongea mambo ya nyumbani. Mzee akisema anamtaka mama yake, usimwambie alishakufa, maana atalia kama anasikia leo, na kesho atauliza tena. Mwambie, "Hebu nisimulie habari zake." Ushauri huo hauandikwi kwenye cheti cha dawa, lakini nimeuona ukirudisha amani ndani ya nyumba kuliko kidonge chochote nilichowahi kuandika.

Kama raha yako ni kumruhusu mgonjwa na kufunga faili, baki upasuaji, sikufichi. Kama sivyo, njoo ukae nami kliniki kabla hujajaza fomu. Nyundo ya neva iache kwanza. Kaa usikilize wanavyojibu.

Rafiki yako,
Mwanaidi