Mayai tisa kwenye lundo la mchanga

Kivule, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, joto tu ndilo linalotutesa, hata feni inapuliza moto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza mayai ya mijusi niliyatotolesha vipi, na kama uwanunue wale wawili wa bluu anaowauza yule kijana hapo Morogoro. Hilo la pili linaniuma, nitalifikia. Nianze na mayai.

Mwezi wa kumi na moja, siku moja baada ya mvua, nilikuwa nafua uani nikamwona jike wa wale mijusi wa ukutani, wale ambao madume yao wana kichwa cha bluu na hukitikisa juani, kaingia nusu mwili kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Alichimba muda mrefu. Alipomaliza akafukia, kisha akashindilia mchanga kwa kichwa chake, polepole, kama mtu anayefunga mlango huku mtoto amelala. Nikaweka kijiti pale. Siku ya pili fundi akaja na wasaidizi wake kuchanganya zege, mimi niko sokoni. Niliporudi nikakuta wamesimama mbali na lundo, koleo chini. "Mama Nasra, haya ni mayai ya nyoka, tuyachome moto."

Yalikuwa tisa. Moja koleo lilikuwa limeshalipasua. Meupe, marefu kidogo, na ganda lake si gumu kama la kuku, ni laini mithili ya ngozi, ukiligusa linabonyea. Nikawaambia mwenyewe nimemwona nani kataga. Mama mkwe naye akatoka na yake: mjusi si ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim? Nikamjibu kwa adabu kwamba anayesemwa hapo ni yule mjusi kafiri wa darini, na haya ni mayai tu, hayajamkosea mtu. Akanyamaza, ila hakuridhika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yai la mjusi si la kuku. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, lakini la mjusi likishapita kama siku moja tangu litagwe, mtoto aliyeanza kuumbika ndani anajishika upande wa juu, na ukiligeuza unamuua. Ndiyo maana nilichukua penseli nikatia alama juu ya kila yai kabla ya kuliinua, nikaliweka alama ikiwa bado inatazama juu. Lakini matatu yalikuwa yamebiringika chini kabla sijafika. Hayo ndiyo yaliyooza, yote matatu, yakaota ukungu wa kijivu ndani ya wiki mbili. Niliyatoa kwa kijiko ili yasiambukize mengine, na nakwambia kweli, roho iliniuma.

Mashine ya kutotolesha sina. Nilichukua ndoo ndogo ya aiskrimu, nikaijaza nusu kwa makumbi ya nazi niliyoyachambua nyuzi na kuyaosha mpaka maji yakatoka safi. Kipimo cha unyevu ni mkono wako: kamata konzi moja ya makumbi, ukamue kwa nguvu; maji yakidondoka, yamezidi. Mayai haya hunywa maji kutoka pale yalipolala na huvimba kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo yakikauka yanabonyea, na yakilowa sana yanaoza. Mfuniko nikautoboa matundu machache kwa msumari wa moto. Adui mwingine, ambaye sikumtarajia, ni sisimizi. Ndoo nikaiweka juu ya sahani yenye maji, kama tunavyoficha sukari.

Joto ndilo lililonisumbua zaidi. Chumba chenye bati bila dari, mchana kinafika digrii 36, na hilo ni jiko. Nikahamishia ndoo chini ya kitanda, kwenye sakafu ya sementi, na kipimajoto nilichokinunua Kariakoo: usiku 27, mchana 30. Joto lina siri kubwa, shoga yangu. Mwaka 1966, kule Dakar, mtafiti Madeleine Charnier alionyesha kwamba kwa ndugu wa karibu wa mijusi hawa, joto la yai ndilo linaloamua atoke dume au jike. Yaliyokaa digrii 26 na 27 yalitoa karibu majike matupu, ya digrii 29 yakatoa madume. Tofauti ya digrii mbili! Huko Ulaya wanaofuga geko wa madoadoa, aina ya mjusi ambaye asili yake ni Pakistani na Afghanistan, huweka mashine digrii 26 wakitaka majike, na hupandisha hadi 32 wakitaka madume wengi.

Siku ya hamsini na nane, alfajiri, aliyeniamsha ni mama mkwe. Alikuwa na tochi ya simu, amepiga magoti. "Njoo uone, yanatoka jasho." Kweli, mayai mawili yalikuwa na matone juu ya ganda, na moja lilikuwa limechanika mstari mwembamba kana kwamba limepitiwa na wembe. Mtoto huzaliwa na kijino kwenye ncha ya pua, ndicho anachochania. Kichwa kikatoka, kidogo kuliko kucha yangu ya kidole gumba, macho wazi, na hapo akatulia. Saa nzima. Saa mbili. Mama mkwe alitaka kumsaidia kwa pini, nikamshika mkono. Akiwa ametulia vile anamalizia kunyonya kiini cha yai kupitia tumboni, ukimvuta unamuua kwa huruma yako. Adhuhuri akatoka mwenyewe. Mpaka kesho yake jioni walikuwa watano. Tuliwapa mchwa wadogo siku mbili, siku ya tatu tukawaachia kwenye mawe chini ya mwarobaini. Kuwafuga sikutaka, mnyama wa porini anahitaji kibali, sheria ya wanyamapori ya 2009 iko wazi.

Sasa wale wako. Umeandika kwamba wote wawili ni bluu inayong'aa, "dume na jike". Kijana anakudanganya. Bluu ni dume, jike wake ana rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Una madume wawili hapo, hata ukae nao miaka hutaona yai. Lakini hata angekuletea jike, nisingekufundisha. Mjusi huyo duniani kote yuko hapo kwenu tu, msitu wa Kimboza na vipande vichache vya msitu karibu yake chini ya Uluguru, na anaishi kwenye mikadi, ile miti yenye majani marefu ya miiba. Wawindaji walikuwa wanaikata mikadi yenyewe ili wamfikie, wakauza maelfu nje ya nchi. Mwaka 2012 aliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukinunua hao wawili, kesho kijana atarudi msituni na panga. Nakuomba, kwa urafiki wetu wote, usimpe hela. Nenda ofisi ya maliasili ukawaeleze, wao wanajua pa kuwarudisha.

Kama hamu ya mayai haijakutoka, njoo Pasaka. Fundi amemaliza plasta, ila nimemwomba aniachie mchanga kidogo pale kando ya ukuta, na juzi mama mkwe kauzungushia matofali ili watoto wasiukanyage.

Wako,
Mama Nasra