Baba yake bibi na kile kibati cha shingoni

Shoga yangu Zuhura,

Vipi hali, watoto hawajambo? Nisamehe kwa ukimya, mwisho wa mwezi masjala imenielemea, mafaili ya uhamisho yote yamerudi mezani kwangu. Uliniuliza kwenye simu mbona nagombana na watu kisa herufi moja ya jina, nikasema nitakuandikia, basi kaa nikwambie.

Unamkumbuka bibi alivyokuwa akisema baba yake "alichukuliwa kariakoo" hakurudi? Sisi watoto tulidhani sokoni, tukawa tunaogopa kwenda na mama kununua mchicha. Kumbe Waingereza walipoingia Dar mwaka 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia wakipigana na Wajerumani, pale ndipo wakaweka kambi ya wapagazi, wabeba mizigo wa jeshi, kwa Kiingereza Carrier Corps, watu wakatamka kariakoo, na huko kwenu Nairobi ni hivyohivyo, Kariokor.

KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ilianza vita 1914 na batalioni 3, mpaka 1918 zimefika 22, sasa chakula na risasi za wote hao nani abebe? Barabara hakuna, ng'ombe na farasi wanamalizwa na mbung'o, ikabaki kichwa cha mtu, tena mpagazi mwenyewe naye anakula kwahiyo unahitaji mpagazi wa kumbebea mpagazi. Inakadiriwa upande wa Waingereza peke yake walipita kama milioni moja. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni kule Kenya, akapewa kazi ya kukusanya watu, ikawa ni msako, machifu wanadaiwa idadi na wanaume wanalala porini.

Aliyekuwa anawasimamia wapagazi ni Mwingereza Oscar Watkins, na huyu mimi namheshimu, maana alitaka kila mtu aandikishwe, awe na namba, apewe kibati cha kuvaa shingoni. Hicho kibati ndo kinanikaa akilini. Kiduara kidogo cha chuma kwenye kamba, na ndani ya ile namba ndo kuna mshahara wa mtu, rupia 5 kwa mwezi, baada ya miezi 3 anaongezewa 1, pungufu kabisa ya walichopewa wale wa mwanzo. Sasa fikiria karani anauliza jina, mmoja anataja la utani, mwingine la babu yake, karani hajui lugha yao anaandika alivyosikia, halafu mtu anaugua njiani, kamba inakatika, anazikwa pembeni ya njia na wenzake ambao kesho wanahamishiwa safu nyingine. Faili linabaki wazi hivyohivyo.

Na walikufa sana Zuhura, hesabu ya serikali yenyewe ilivuka elfu 40 na watafiti wanasema ni zaidi ya hapo, wengi si kwa risasi, ni kuhara damu, malaria, nimonia, unga wasiouzoea tena haujaiva vizuri kwa kukosa muda na sufuria. Vita ikaisha, mishahara ya marehemu ikabaki hazina kwa kuwa wenyewe hawapatikani kwenye daftari. Watkins na Ainsworth wakasema basi hizo hela ziwafaidie Waafrika, wakazungushwa miaka na mwisho wakanyimwa. Hili linaniuma kuliko yote, mimi ninayeshika madaftari ya watu kila siku, yaani mtu kafa, jasho lake lipo, na kizuizi ni jina.

Nina ombi. Ukipita Kenyatta Avenue pale kwenye sanamu ya askari na mpagazi nipigie picha ya yale maandishi ya Kiswahili, yanayosema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, nataka kumsomea mama. Jina la mtu hata mmoja hutaliona pale.

Nimeanza kuandika ukoo wetu kwenye kaunta buku. La baba yake bibi, mama anasema ni Ramadhani bin Juma, mjomba anashikilia Ramadhani bin Mwinshehe. Nimeyaandika yote mawili.

Wasalimie wote,
Mwajuma