Nyuzi za nta mgongoni mwa tembo

Raipur, India
14 Februari 2024

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, natumai nyote nyumbani hamjambo na karakana yako haijapoa moto. Nimechelewa kuujibu waraka wako kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Uliitazama picha ya yule tembo wa shaba niliyokutumia, ukaapa kwamba nyuzi zilizomzunguka mwili ni waya uliolehemiwa mmoja mmoja, na kwamba aliyeifanya kazi hiyo ni sonara mwenye subira kukushinda wewe. Subira anayo, lakini waya hakuna hata mmoja.

Nilipanda basi hadi Kondagaon, mji wa eneo la Bastar, kusini mwa jimbo hili la Chhattisgarh, kwenye barabara ya kwenda Jagdalpur. Huko wanaishi Waghadwa, jamii ambayo kazi yake tangu mababu ni kusubu shaba ya manjano, yaani kuiyeyusha na kuimimina ishike umbo, na kazi hiyo India nzima huijua kwa jina la dhokra. Wateja wao wa asili si watalii bali majirani zao wa msituni, Wamuria na Wamaria, ambao huagiza sanamu za miungu yao, mapambo ya mwilini, kengele, na farasi na tembo wa kutoa nadhiri. Ndiyo maana wanyama wale wana shingo ndefu na miguu myembamba kuliko wanyama wa kweli: hawakukusudiwa kuwa picha ya farasi fulani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipokosea. Fundi huanza kwa kufinyanga kiini cha udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga, tembo mzima, ila mwembamba kidogo kuliko atakavyokuwa mwishoni. Kiini kikikauka hupakwa udongo laini, kikasuguliwa, kisha kikafikichwa kwa majani mabichi ya maharage, kwa sababu utomvu wake wa kijani huifanya nta ishike. Nta ya nyuki nayo hulainishwa na kutiwa ndani ya bomba lenye mchi, ambalo mdomoni lina kisahani chenye vitundu. Nilipokiona chombo hicho nilicheka peke yangu, kwa maana ni ndugu wa kile ambacho mama zetu hukamulia tambi za dengu wakati wa Ramadhani. Nta hutoka kwa nyuzi ndefu, nyembamba, na fundi huzizungushia kwenye kiini, uzi ubavuni mwa uzi, akizibana kwa kidole hadi tembo afunikwe mzima. Macho, masikio, kengele za shingoni na matandiko ya mgongoni, vyote ni vipande vya nta vilivyobandikwa. Waya ulioapia ulikuwa nta, na shaba imeiga alama zake tu.

Juu ya nta hupakwa udongo laini mno, wenye unga wa mkaa, ambao ndio unaozishika chapa za nyuzi. Halafu tabaka nzito, nyingi yake ikiwa udongo wa kichuguu na makapi ya mpunga, ili kalibu, yaani ganda hilo la udongo, isipasuke motoni. Huachwa mfereji mmoja wa kupitishia shaba. Kalibu ikichomwa, nta huyeyuka na kuondoka, na mahali ilipokuwa hubaki uwazi mwembamba kati ya udongo na udongo. Wewe unayepima kwa mizani utapenda hili: shaba ya manjano ni nzito kuliko nta takriban mara 9, kwa hiyo nta ikishapimwa, fundi anajua ayeyushe vyuma chakavu kiasi gani, akiongeza kidogo kwa ajili ya mfereji.

Kumimina kwenyewe ni jambo la sekunde chache, nami nilikaribia kulikosa. Kalibu huwa bado nyekundu kwa moto, na joto la shaba limepita nyuzi 900 za Selsiasi. Fundi huutazama mwali juu ya chungu, na ukianza kugeuka kijani anajua wakati umefika. Siku ile zilivunjwa kalibu nne. Tatu zilitoka salama. Ya nne ilikuwa farasi, naye alitoka bila mguu wa nyuma, kwa kuwa shaba ilipoa kabla ya kufika huko. Nilisikitika kana kwamba nimefiwa. Fundi alimtupa kwenye rundo la chakavu bila kumtazama mara ya pili. Kalibu huvunjwa kila mara, kwa hiyo hakuna tembo wawili walio mapacha, na hiyo ndiyo alama ninayoitegemea ninapotazama bidhaa za madukani, ambako wakati mwingine hupangwa tembo kumi wenye ufa mmoja mahali pamoja.

Huko Bengal Magharibi, katika kijiji cha Bikna karibu na Bankura, mafundi hutumia badala ya nta utomvu mkavu wa mti, jamaa ya sandarusi yetu, uliochemshwa na mafuta ya haradali. Na katika jumba la makumbusho la taifa jijini Delhi kuna msichana wa shaba kutoka Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus, kimo chake sentimita 10.5, aliyesubiwa kwa nta zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Watu hupenda kusema kwamba Waghadwa wameurithi ufundi huo moja kwa moja. Mimi sithubutu kuifunga kamba ndefu hivyo. Nta, udongo na moto vinaweza kumfundisha mtu yeyote mwenye macho.

Hata sisi. Unakumbuka siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu la sherehe, ambayo utotoni tuliitazama tukidhani imechongwa? Nayo ilisubiwa kwa nta. Ndiyo sababu nakusumbua. Tembo nitakuletea mwenyewe nikirudi, inshallah, umkague kwa kioo chako cha kukuzia utafute hiyo lehemu. Kabla ya hapo nitafutie nta safi ya nyuki, kama ratili mbili, na kwa kuwa kisiwani kwetu ni mchanga mtupu, vuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, ukaulize wapi pana kichuguu.

Nisalimie wote.

Ndugu yako