Kikao cha Awali cha Kesi ya Madai: Uje na Nini, Uache Nini

Mteja akipata wito wa kikao cha awali, swali la kwanza analotuuliza kwenye simu huwa ni hili: "Nije na mashahidi?" Hapana. Siku hiyo hakuna shahidi atakayeapishwa wala hukumu itakayosomwa. Kwa sababu hiyo wengi huiona kama siku ya kwenda kuonyesha sura na kupangiwa tarehe nyingine. Sisi tunaiona kinyume kabisa. Kesi nyingi za madai huchukua sura yake kwenye kikao hiki, na jambo ambalo hukulisema hapo linaweza kukataliwa utakapotaka kulisema baadaye.

Kikao hufanyika baada ya mdai kuwasilisha hati ya madai na mdaiwa kuijibu, kabla ya ushahidi kuanza kusikilizwa. Jaji au hakimu hukaa na mawakili, mara nyingine na wadaawa (mdai na mdaiwa) wenyewe, iwe mahakamani, ofisini kwake au kwa njia ya video. Atataka kujua kinachobishaniwa na kisichobishaniwa, nani atatoa ushahidi na kwa vielelezo gani, kama kuna maombi yanayosubiri uamuzi, na kama kuna njia ya kumaliza mambo kwa mazungumzo. Mkishajibu, majibu yenu huandikwa kuwa amri ya mahakama.

Hapo kwenye amri ndipo penye uzito. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, Kanuni ya 16 ya mwenendo wa mashauri ya madai inasema amri ya kikao cha awali cha mwisho (vinaweza kuwa zaidi ya kimoja) hubadilishwa tu pale ambapo kuiacha ilivyo kungeleta dhuluma ya wazi. Kanuni hiyo hiyo inampa jaji uwezo wa kumwadhibu asiyefika, na pia aliyefika bila kujiandaa. Kenya wana Agizo la 11 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010; Tanzania wana Amri ya 8 (hapa "amri" ni sehemu ya kanuni) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambako kati ya kikao cha awali cha kwanza na cha mwisho kuna hatua ya usuluhishi. Fomu na muda hutofautiana, kwa hiyo soma kanuni za mahakama yako. Ila kote huko mahakama haitaki watu washtukizane siku ya kesi.

Sasa, maandalizi. Kazi ngumu kuliko zote ni kutenganisha hoja na hasira. Chukua mfano wa kubuni: muuzaji wa vigae anamdai mkandarasi fedha za mzigo uliokwisha kupokelewa. Mkandarasi anasema sehemu ya vigae ilifika imevunjika, tena kwa kuchelewa. Muuzaji akija ofisini kwetu, nusu saa ya kwanza atasimulia alivyotukanwa kwenye simu na jinsi mwenzake alivyojenga nyumba kwa jasho lake. Tunamsikiliza, maana yanauma. Lakini jaji ataandika hoja tatu tu: je, kulikuwa na tarehe ya kufikisha mzigo iliyokubaliwa? Vigae vingapi vilivunjika, na vilivunjikia mikononi mwa nani? Deni lililobaki ni kiasi gani? Matusi hayamo, hata kama ni ya kweli tupu.

Yale msiyobishania, yakubalini. Kukubali kwamba mkataba upo na saini ni yako hakukupunguzii kitu, na kunaokoa siku nzima ya shahidi ambaye angekuja kuthibitisha jambo linalojulikana. Hata hivyo, pima kila neno kabla hujalikubali. "Tulipokea mzigo" na "tulipokea mzigo ukiwa kamili" ni sentensi zinazofanana ukizisoma haraka. Mkandarasi akiikubali ile ya pili, utetezi wake wa vigae vilivyovunjika umekwisha. Ndiyo maana rasimu ya mambo yaliyokubaliwa tunaisoma na mteja mstari kwa mstari, hata kama ana haraka.

Baada ya hapo tunachukua karatasi na kuchora safu tatu. Kushoto tunaandika kila jambo unalopaswa kulithibitisha, katikati waraka unaolionyesha, kulia jina la mtu atakayelisema mahakamani. Vyumba vitupu vitajionyesha vyenyewe. Mara nyingi hati ya kupokelea mzigo ipo, ila aliyeisaini aliacha kazi na hakuna ajuaye alikohamia. Heri uligundue hilo leo ukiwa bado na muda wa kumtafuta. Kila shahidi muulize pia siku ambazo hatapatikana, kwa sababu tarehe za kesi zinaweza kupangwa palepale, na "ngoja nimpigie" si jibu zuri mbele ya jaji.

Kuhusu vielelezo, tatizo tunalokutana nalo sana siku hizi ni ujumbe wa WhatsApp. Mteja analeta picha za skrini zilizokatwa juu na chini: maneno yanasomeka, lakini namba ya mtumaji haipo na tarehe haipo. Upande wa pili utauliza nani aliandika, lini, na kabla yake kulisemwa nini. Leta mazungumzo yote, na simu yenyewe itunze. Usiiuze, usifute chochote, hata yale yanayokuaibisha. Ujumbe uliofutwa makusudi unaweza kukugharimu kuliko ule wa aibu.

Kisha kuna suala la kupatana. Jaji karibu lazima ataliuliza, kwa hiyo uwe na kiwango chako kabla hujatoka nyumbani: chini ya hapa sikubali, juu ya hapa silipi. Unapokipiga hesabu, weka humo gharama za kuendelea na kesi, muda wako, na uwezo halisi wa mwenzako kulipa, kwani hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu. Kampuni imtume mtu mwenye mamlaka ya kuamua, si wa kusema atamuuliza bosi. Kwa kawaida yanayosemwa katika mazungumzo ya kupatana hayatumiki kama ushahidi, lakini kinga hiyo ina mipaka yake. Zungumza na wakili kabla hujaandika barua wala ujumbe wa kutaja kiasi. Na usimtajie kiasi hicho jaji atakayeamua kesi yako bila wakili kukuambia.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi: wahi, zima simu, jibu ulichoulizwa, usigombane na mwenzako koridoni.

Ukitaka tukuandae, njoo na wito, hati ya madai, majibu yake, mkataba na barua zote mlizoandikiana, hata zile unazoona hazina maana. Njoo angalau wiki mbili kabla ya tarehe. Anayekuja jioni ya kuamkia kikao tunampokea, lakini tutakachoweza kumfanyia ni kidogo, na pengine kitaishia kwenye kuomba ahirisho ambalo mahakama haina lazima ya kulitoa. Kama huna wakili na unajisimamia mwenyewe, karani wa masjala anaweza kukueleza fomu na utaratibu, ila hatakushauri useme nini.

Kikao kikiisha, omba nakala ya amri na uisome siku hiyo hiyo. Angalia kama hoja zako zote zimo, kama majina ya mashahidi yako ni sahihi, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka ni ipi. Ukiona kosa, hata la tarakimu moja, mwambie wakili wako papo hapo.