Mdogo wangu, acha kuchomoa betri kila usiku

Mdogo wangu,

Juzi uliponipigia ukasema gari inakuzimikia kila asubuhi ukisimama kwenye foleni, na fundi kakwambia pampu ya mafuta imekufa uandae laki mbili na nusu, nilikuuliza kitu kimoja tu, betri umeigusa? Ukanijibu kama jambo la kawaida kabisa, "hiyo kila usiku dada, nachomoa waya wa hasi maana nikiuacha asubuhi haiwaki." Toka siku ile sijatulia. Naandika wazi hivi maana hata mtaani kwangu wapo wanaofanya hivyo hivyo na wanauziwa vifaa kila mwezi.

Sikiliza. Pampu iliyochoka mara nyingi inasumbua zaidi injini ikishapata moto, yako wewe inapona ikipata moto, umesema mwenyewe kufika saa nne imetulia kabisa. Sasa pampu gani hiyo inayopona saa nne na kuugua tena alfajiri?

Hiyo gari ina kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, na ile boksi inajifunza. Kile kipepeo cha trotoo kinachopitisha hewa kinashika masizi kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, njia inakuwa nyembamba, boksi inaona silensa (ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inashuka basi inafungua zaidi kidogo, kesho zaidi kidogo, wewe hujui lolote maana gari inaenda vizuri tu. Na kwenye mafuta ni hivyo hivyo, inalenga kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, inasoma sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi halafu inaongeza au kupunguza, na inakumbuka ilipofikia. Gari nyingi za Kijapani za umri wa hiyo yako, kumbukumbu hiyo inashikiliwa na umeme wa betri. Ukichomoa inafutika. Asubuhi boksi inaanza na hesabu za kiwandani, za trotoo safi, wakati yako ni nyeusi, hewa haitoshi, mshale wa mizunguko ya injini unaanguka chini ya 500 kwa dakika, gari inatetemeka na ukiweka gia ya D au ukiwasha AC inazima. Mpaka saa nne imeshajifunza tena. Jioni unaifuta. Yaani kila siku unairudisha darasa la kwanza!

Mimi yalinikuta. Nilibadilisha betri tu, gari ikaanza kunizimikia, gereji moja wakanifungia plagi mpya na koili zote 4, hela ya ada ya mtoto, na ikaendelea kuzima vile vile. Mzee mmoja fundi ndo alikuja kufungua ule mpira wa hewa akanionyesha kipepeo kilivyo cheusi kama sufuria ya mkaa, akapuliza dawa akafuta kwa kitambaa, akaniambia washa, AC zima, taa zima, redio zima, mafuta usikanyage kabisa. Tukakaa mpaka feni ya rejeta ikazunguka mara mbili, halafu akawasha AC tukasubiri tena, halafu D mguu ukiwa kwenye breki dakika kadhaa, halafu tukaenda kuzunguka nayo. Ikatulia. Nilikaa kwenye usukani nikalia. (Ungekuwa na Nissan yenye trotoo ya umeme ningekwambia tofauti, zile ukisafisha silensa inaweza kupanda juu na mara nyingi zinataka fundi mwenye mashine azifundishe.)

Kinachoniogopesha siyo hela lakini. Injini ikizima gari ikiwa inatembea, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito, na mama unampeleka kliniki na hiyo gari alfajiri, saa ile ile ambayo ni mbovu.

Sasa ugonjwa wenyewe, kwa nini betri inakufa usiku. Gari iliyozimwa kawaida inakula kama miliamp 50, hapo hata wiki mbili inawaka. Betri yako ya amp-saa 40 ikifa kwa masaa 10 basi kuna kitu kinakula amp 3 au 4, taa ndogo ya buti peke yake haifiki hata nusu amp, kwa hiyo kuna waya umeungwa vibaya, na mimi nawaza ile alamu na ile redio ulizofungiwa mwaka jana. Au betri yenyewe imechoka na haishiki chaji, au alteneta haichaji. Vyote vinapimika. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Umeme unaovuja tunaupima kwa kuweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, milango imefungwa, tunasubiri nusu saa gari ilale, halafu tunachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Multimita ninayo, Jumapili asubuhi nakuja nayo na ile dawa ya trotoo. Fundi mwambie asubiri. Jumamosi usiku usichomoe kitu, isipowaka tutaiboosti na gari yangu, na mama akitaka kutoka kabla sijafika mtafutie bajaji.

Dada yako