Barua ya wazi kwa vijana wa baiskeli: kipimo cha siki hakioni ovari

Wanangu wa vyama vya baiskeli vya Kampala, Mukono na Jinja,

Salaam. Nasikia mnapanga kuendesha kutoka Kampala hadi Jinja kuchangia utafiti wa saratani ya ovari, vile viungo vya mwanamke vinavyotoa mayai, na mnataka iwe karibu na Mei 8, siku inayoadhimishwa duniani kwa ajili ya saratani hiyo. Vizuri. Ila mkiwa na tangazo linalosema "njooni mpimwe mapema", lifuteni kabla halijafika kwa mchapa fulana.

Mwanamke asiye na dalili hana kipimo cha kuaminika cha kumgundulia saratani hii. Uingereza walifanya utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000: wengine walipimwa damu kila mwaka, wengine altrasaundi, wengine hawakupimwa. Majibu yalitoka 2021, na vifo havikupungua kwa waliopimwa. Sasa mama wa Lugazi akisikia neno kupimwa, atakumbuka kile kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi alichofanyiwa kliniki, kisha atawajibu kwamba yeye ameshapimwa. Siki inaonyesha mlango wa kizazi tu. Chanjo ya HPV nayo, yaani ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo mabinti wa miaka 10 wameanza kupewa nchi nzima tangu 2015, ni ya mlango wa kizazi. Mkichanganya saratani hizi mbili barabarani, mtamrudisha mtu nyumbani na amani ya uongo.

Semeni dalili. Tumbo kujaa na kuvimba, maumivu ya tumbo au nyonga, kushiba baada ya matonge machache, kukojoa mara kwa mara au kwa haraka isiyo ya kawaida. Zikiwa ngeni kwa mwanamke huyo na zinamrudia siku nyingi kwa wiki mbili au tatu, aende kituo cha afya, aombe achunguzwe nyonga na apigwe altrasaundi. Dalili hizi huitwa vidonda vya tumbo, minyoo au unene, ndiyo maana wengi hufika hospitali ya Mulago ugonjwa ukiwa umeshasambaa tumboni. Ulizeni pia kuhusu ukoo: mama, dada, shangazi au bibi aliyeugua saratani ya ovari au ya titi. Upande wa baba unahesabika sawasawa, na huo ndio husahaulika.

Maneno hayo yatoshe dakika moja, kwa Luganda hadi Lugazi na kwa Lusoga mkifika Jinja, na ayaseme mkunga mtakayekwenda naye. Rangi ya fulana ni kijani kilichochanganyika na buluu. Ya waridi ni ya titi.

Njia yenyewe ni kama kilomita 80. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa na vituo vitatu, ni saa sita hivi. Ondokeni kukipambazuka, kwa sababu malori ya mipakani Malaba na Busia hayapungui kadiri jua linavyopanda. Endesheni mmoja nyuma ya mwenzake, makundi ya watu kumi, na kati ya kundi na kundi muache mita mia. Msururu mmoja wa watu sitini humlazimisha dereva wa lori kuupita wote kwa mkupuo, na katikati anakutana na basi. Gari moja litangulie, jingine lifuate mtu wa mwisho. Polisi wa trafiki wapewe barua mapema, yenye njia na saa. Njia ya Kayunga ina malori machache lakini ni ndefu zaidi. Wageni wa baiskeli msiwapeleke huko.

Mei ni mvua. Ringi ya chuma ikilowa, breki za mpira zinateleza tu, baiskeli inachukua umbali mara kadhaa kusimama. Wenye ringi hizo wabonyeze breki kidogo kidogo kabla ya mteremko ili zikauke, na wasikae mbele ya kundi. Pancha nyingi za msitu wa Mabira hutokana na hewa ndogo: tairi linagonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa na ringi, inatoboka matundu mawili sambamba. Jazeni hewa vizuri asubuhi. Kila mtu abebe tyubu yake ya saizi yake, na pampu inayoingia kwenye vali yake, maana mashine ya upepo ya bodaboda haiingii vali zote.

Maji ni nusu lita au zaidi kwa saa, na pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ndani ya lita moja, isipunguzwe wala kuongezwa. Ndizi mbivu mbili, bogoya, kila kituo. Kuku wa vijiti wa Namawojjolo ni mtamu, najua, lakini mnunulieni safari ya kurudi ndani ya gari. Mafuta yale na mlima havipatani.

Kuhusu pesa. Ahadi za "elfu moja kwa kilomita" zinafurahisha siku ya kuandikwa, halafu simu hazipokelewi. Kusanyeni kabla ya safari. Namba ya simu ya kupokelea pesa isajiliwe kwa jina la chama, si la katibu, na pesa zihamishiwe benki moja kwa moja: mkitoa taslimu mnalipa ada pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Mafuta ya gari, maji na fulana vilipwe na wadhamini au kiingilio, ili mchango wa muuza mboga usiishie kwenye fulana.

Na "utafiti" gani? Kabla ya kuchapisha neno hilo, nendeni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago mkaulize ni utafiti upi wenye kibali, na mchango mdogo unaweza kulipia nini ndani yake: nauli za wagonjwa wanaorudi kufuatiliwa, au uchunguzi wa sampuli. Mpewe barua inayotaja akaunti na kazi hiyo. Ikiwa hakuna utafiti unaopokea fedha za namna hiyo, andikeni "nauli za wagonjwa" kwenye bango. Watu watachanga vilevile. Risiti ya taasisi ipigwe picha na itumwe kwa kila aliyechanga, hata wa shilingi elfu mbili.

Mzee wenu,
Jinja